Mtakatifu Marko Ji Tianxiang: Tabibu Aliyefungwa na Dawa Yake Mwenyewe



Wapendwa taifa la Mungu, tarehe 7 Julai Kanisa linamkumbuka mfiadini mmoja wa China ambaye habari zake huwashangaza wengi wanaozisikia kwa mara ya kwanza. Ni Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, baba wa familia na tabibu, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 1900. Tumezoea kusikia juu ya watakatifu walioziacha dhambi zao mapema, kisha wakaishi miaka mingi katika usafi wa moyo. Huyu sivyo. Kwa muda wa miaka 30 hivi alikuwa mraibu wa afyuni, na kwa muda huo wote hakupokea maondoleo wala Ekaristi Takatifu. Kwa kadiri inavyosimuliwa, alikufa akiwa bado hajaishinda tamaa ile.

Tunapenda kuyasimulia maisha yake kwa utulivu, kwa kuwa yanatugusa wengi: wagonjwa, waganga, wazazi ambao watoto wao wametekwa na dawa za kulevya, na hasa sisi mapadre tunaoketi katika kiti cha kitubio.

Mtoto wa familia ya waamini

Marko alizaliwa mwaka 1834 katika wilaya ya Jizhou, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Hebei, kaskazini mwa China. Familia yake ilikuwa ya Kikatoliki. Katika nchi ile Wakristo walikuwa kundi dogo kati ya watu wengi wasioijua Injili, na mara nyingi walitazamwa kwa mashaka kama watu waliofuata dini ya wageni. Eneo lao lilihudumiwa na wamisionari wa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, waliotoka Ufaransa.

Alipokua alijifunza uganga, akaoa, akapata watoto. Alipata heshima kubwa kati ya jirani zake, Wakristo na wasio Wakristo, na sababu haikuwa elimu yake peke yake. Maskini waliofika kwake aliwatibu bila kuwadai malipo. Katika jumuiya ya waamini alihesabiwa kuwa mmoja wa watu wa mbele, mtu ambaye wazazi huwaonyesha watoto wao kama kielelezo. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana litatusaidia kupima urefu wa aibu iliyomfika baadaye.

Afyuni kabla ya sheria

Ili tumwelewe Marko, yatupasa kwanza kuielewa dawa iliyomwangusha. Lugha yetu ina maneno mawili kwa kitu hiki: afyuni na kasumba. Siku hizi tunalitumia neno kasumba kwa fikra mbaya iliyomganda mtu kichwani hata asiweze kuitoa, nasi tumekwisha kusahau kwamba asili yake ni dawa hii hii. Wazee walioanza kulitumia hivyo waliijua vizuri tabia ya afyuni.

Afyuni ni utomvu wa mmea wa popi. Tumba bichi la mmea huo likichanjwa, hutoka maji meupe kama maziwa ambayo hukauka na kuwa kahawia. Ndani yake mna nguvu tatu zilizothaminiwa na matabibu tangu zamani za kale: hutuliza maumivu, hukomesha kikohozi, na hufunga tumbo linaloharisha. Katika zama ambazo kipindupindu na kuhara damu viliwaua watu kwa maelfu, wala hapakuwa na dawa za kuua vijidudu, mganga asiyekuwa na afyuni alikuwa kama askari asiye na silaha.

Tusidhani kwamba jambo hili lilikuwa la China peke yake. Huko Ulaya na Marekani, katika karne ile ya 19, afyuni iliyoyeyushwa katika pombe, iliyojulikana kwa jina la laudanamu, iliuzwa madukani kama inavyouzwa sukari. Akina mama waliwapa watoto wachanga maji matamu ya kuwatuliza, kama ile sharubati ya Mrs. Winslow iliyoenea sana Marekani, bila kujua kwamba ndani yake mlikuwa na mofini, ambayo ni kiini cha afyuni. Watoto walilala kweli, na wengine hawakuamka. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza dawa mpya ya kikohozi iliyotengenezwa kutokana na mofini, ikaipa jina la Heroin. Ndiyo heroini hii ambayo leo vijana wetu huiita unga.

Wakati ule hata wakuu hawakujua. Divai ya Mariani ya mjini Paris, iliyochanganywa na majani ya koka yenye kokeini, ilisifiwa na madaktari na wafalme, na Papa Leo XIII mwenyewe alimtunukia mtengenezaji wake nishani ya dhahabu. Hatulisemi jambo hili kwa kumvunjia heshima Baba Mtakatifu yule mwenye hekima. Tunalisema ili tuone jinsi giza lilivyokuwa limetanda. Mtu alikunywa dawa kwa imani, na kwenye chupa hapakuwa na neno lolote la kumwonya. Uingereza iliweka masharti ya kwanza juu ya uuzaji wa afyuni mwaka 1868. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuandika kwenye chupa kama dawa ina afyuni au kokeini mwaka 1906 tu. Nao mkataba wa kwanza wa mataifa juu ya afyuni ulitiwa sahihi huko The Hague mwaka 1912. Marko alikuwa amekwisha kufa miaka 12 kabla ya mkataba huo.

China ilikuwa na kidonda chake cha pekee. Waingereza walilima popi nchini India na kuiuza afyuni China kwa magendo. Mwaka 1839, Marko akiwa mtoto wa miaka mitano, afisa wa mfalme aitwaye Lin Zexu aliteketeza zaidi ya makasha 20,000 ya afyuni, na Uingereza ikajibu kwa vita. Vita vya pili vilifuata mwaka 1856. China ilishindwa mara zote mbili, na hatimaye ikalazimika kuiruhusu biashara ile. Basi Marko alipofikia utu uzima, sumu hii ilipatikana kwa uhalali, na watu wa kila daraja walikuwa wameshikwa nayo, tajiri na maskini.

Mganga hajigangi

Wahenga wetu walisema mganga hajigangi. Marko alipofikia umri wa miaka 35 hivi alipatwa na ugonjwa mkali wa tumbo. Alifanya ambalo tabibu yeyote wa siku zile angelifanya: alijitibu kwa afyuni. Hakuitafuta anasa. Alitafuta nafuu, naye aliipata.

Ugumu ni kwamba afyuni humkopesha mgonjwa nafuu kisha humdai riba. Mwili ulioizoea hauwezi tena kukaa bila hiyo. Mtu akiacha ghafula, hupatwa na baridi na jasho, mifupa humuuma, usingizi humkimbia, hutapika, tumbo humkata na kuharisha. Hebu tulitafakari jambo hili. Marko alikuwa mgonjwa wa tumbo. Kila alipojaribu kuiacha dawa, tumbo lilimrudia kwa ukali kuliko mwanzo, na dawa pekee aliyoijua ya tumbo ilikuwa ile ile. Mlango wa kutokea ulimrudisha ndani.

Wala hakuwa tabibu pekee aliyenaswa hivyo. Katika miaka ile ile, huko Marekani, mfamasia John Pemberton, aliyejeruhiwa vitani mwaka 1865, alikuwa mtumwa wa mofini iliyotumiwa kutuliza maumivu yake. Alitafuta kinywaji cha kumwokoa, na katika kutafuta huko akavumbua Coca-Cola mwaka 1886. Alikufa miaka miwili baadaye bila kuwa huru. Elimu ya dawa haikuwakinga wenye elimu hiyo.

Mlangoni pa kitubio

Marko alifanya walivyofundishwa Wakristo kufanya: alikwenda kuungama. Aliungama uraibu wake, akapewa maondoleo, akaanguka, akarudi. Aliungama tena, akaanguka tena. Ilifika siku ambayo padre muungamishi wake alimwambia kwamba hawezi tena kumpa maondoleo mpaka atakapoiacha afyuni. Kwa maoni ya padre, mtu anayerudia dhambi ile ile bila kukoma haonyeshi kwamba anajuta kweli, wala kwamba ana nia ya kujirekebisha.

Tusiharakishe kumhukumu padre yule. Alilinda jambo la kweli: pasipo majuto na nia ya kuacha dhambi hakuna kitubio. Tena hakujua tunayoyajua leo juu ya uraibu. Kwake yeye, na kwa karibu watu wote wa zama zake, mvuta afyuni alikuwa mtu mwenye tabia mbovu tu, na kwa mtu aliyeheshimiwa na waamini lilikuwa jambo la kuwakwaza wadogo. Hakuona ugonjwa ndani ya dhambi.

Leo Mama Kanisa anatufundisha kwa uwazi zaidi. Katekisimu inasema kwamba matumizi ya dawa za kulevya nje ya tiba ni kosa zito, maana yanaharibu afya na uhai. Lakini katekisimu hiyo hiyo inatufundisha kwamba lawama ya mtu kwa tendo lake yaweza kupungua, hata kuondoka, kwa sababu ya kutojua, ya hofu, ya mazoea, na ya mambo mengine yanayoufunga uhuru wake. Tena nia ya kutotenda dhambi si sawa na uhakika wa kutoanguka. Mtu anaweza kutaka kwa moyo wote kuacha, na wakati huo huo akaogopa kwamba kesho ataanguka. Hofu hiyo haiifuti nia yake.

Miaka thelathini ya kungoja

Hapa ndipo maisha ya Marko yanapoanza kung'aa, ingawa yeye mwenyewe hakuiona nuru hiyo. Mtu aliyefungiwa mlango huwa na njia nyingi za kuondoka. Angeweza kulikasirikia Kanisa na kuliacha. Angeweza kujiambia kwamba amekwisha kupotea, basi afadhali aishi apendavyo. Angeweza pia kudanganya: kukaa kimya katika maungamo, kuificha afyuni, na kuijongea meza ya Bwana kama wengine. Hakufanya hata moja kati ya hayo.

Alibaki. Aliendelea kusali, aliendelea kushika imani, aliendelea kukaa kati ya waamini waliojua aibu yake. Wenzake walipokea Komunyo Takatifu, yeye hakupokea. Pasaka moja ilipita, ikaja nyingine, hata zikapita thelathini. Tunamkumbuka yule mtoza ushuru wa Injili aliyesimama mbali hekaluni asithubutu kuinua macho. Yeye alirudi nyumbani siku ile ile akiwa amehesabiwa haki. Marko alisimama mbali kwa miaka 30.

Inasimuliwa kwamba, alipoona hawezi kujikomboa kwa nguvu zake, alimwomba Mungu neema moja: afe mfiadini. Alitambua kwamba njia nyingine zote zilikuwa zimemfungia, akaitumainia ile ya kumwaga damu. Lilikuwa ombi la mtu ambaye hakuwa na cha kujivunia.

Kiangazi cha mwaka 1900

Mwishoni mwa karne ile, China ilijaa uchungu. Mataifa ya Ulaya na Japani yalikuwa yameipokonya bandari na ardhi, ukame ulikuwa umeharibu mashamba ya kaskazini, na hasira ya watu ilitafuta pa kuangukia. Kikazuka chama kilichojiita Ngumi za Haki na Upatano. Kwa sababu ya mazoezi yao ya ngumi, wageni waliwaita Mabondia. Waliapa kuwafukuza wageni na kuifuta dini yao, na mwezi Juni mwaka 1900 Mama Malkia Cixi aliwaunga mkono waziwazi. Maelfu ya Wakristo Wachina waliuawa, wengi wao wanakijiji wa kawaida ambao hawakuwa na neno na mtu. Mara nyingi walipewa nafasi ya kuikana imani ili wasalimike.

Marko alikamatwa pamoja na watu wa nyumba yake: mwana wake, wajukuu sita na wakaza wana wawili. Fikirini, ndugu wapendwa, jinsi alivyoonekana machoni pa watu. Mzee wa miaka 66, mvuta afyuni wa kujulikana, mtu aliyenyimwa sakramenti kwa nusu ya maisha yake. Kama kuna mtu aliyetazamiwa kuanguka wa kwanza, ni yeye. Kwa nini afie Kanisa ambalo mlango wake wa kitubio ulikuwa umefungwa kwake?

Hakuikana imani. Inasimuliwa kwamba njiani mjukuu wake mmoja, kwa hofu, alimwuliza wanapelekwa wapi, na babu akamjibu kwamba wanakwenda nyumbani. Walipofika mahali pa kuuawa, aliwaomba wauaji wamwue yeye mwisho, ili mtu yeyote wa familia yake asife peke yake. Wakakubali. Akasimama karibu na kila mmoja wao, mwana, wakaza wana na wajukuu, hadi vichwa vyote vilipokatwa. Kisha naye akatoa shingo yake huku akiimba Litania ya Bikira Maria. Ilikuwa tarehe 7 Julai 1900.

Katika litania hiyo Mama Maria huombwa kama afya kwa wagonjwa, kama kimbilio kwa wakosefu na kama malkia kwa wafiadini. Marko alikuwa yote matatu kwa saa moja: mgonjwa, mkosefu na mfiadini.

Katika utukufu wa altare

Kanisa halikuificha habari ya afyuni. Papa Pio XII alimtangaza Marko kuwa mwenye heri tarehe 17 Aprili 1955 pamoja na wenzake. Tarehe 1 Oktoba 2000, mwaka wa Jubilei Kuu, Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatangaza watakatifu wafiadini 120 wa China, Wachina 87 na wamisionari 33 kutoka nje. Marko ni mmoja wao. Hakutangazwa kwa sababu ya uraibu wake, wala uraibu haukugeuzwa kuwa fadhila. Alitangazwa kwa sababu alimpenda Kristo hata kumwaga damu, na tangu siku za Mitume Kanisa limeamini kwamba upendo huo huosha dhambi zote.

Tujifunze nini?

Kwanza, tusiichukie dawa kwa sababu ya matumizi yake mabaya. Mofini iliyomtesa Pemberton ndiyo inayowapa wagonjwa wetu wa saratani usiku wa amani. Nchini Uganda, mofini ya maji imewasaidia wagonjwa wengi kufa bila mateso makali, na Papa Pio XII alifundisha mwaka 1957 kwamba ni halali kutuliza maumivu makali kwa dawa kama hizo. Mwamini aliyeandikiwa dawa hizo na daktari asione haya kuzitumia. Tofauti kati ya siku za Marko na siku zetu ni kipimo, uangalizi na sheria. Basi tusinunue dawa kali kwa kubahatisha, wala tusijigange wenyewe kwa kuiga jirani.

Pili, mraibu ni mgonjwa. Huku kwetu pwani, kutoka Mombasa hadi Zanzibar na Dar es Salaam, watoto wa parokia zetu wameangukia unga. Tumezoea kuwaita mateja na kuwakwepa njiani. Tiba ipo: tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni, dawa inayomsaidia mraibu wa heroini kusimama tena. Marko hakuipata tiba kama hiyo. Mzazi anayemficha kijana wake ndani kwa aibu anamnyima alichokosa Marko.

Tatu, neno kwa sisi mapadre, nasi tunalisema kwa kujipiga kifua. Wako watu waliokwisha kuacha kuja kuungama kwa sababu siku moja tulipumua kwa uchovu waliporudia dhambi ile ile. Hatukuwafungia mlango kwa maneno. Tuliufunga kwa uso. Marko alivumilia miaka 30, lakini si kila mtu ana moyo wa Marko. Wengi huondoka wasirudi, na hesabu yao itatakwa mikononi mwetu.

Nne, kwako wewe unayeanguka kila siku katika jambo lile lile, liwe unga, pombe, kamari au tendo la siri ambalo hujamwambia mtu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Usingoje hadi uwe safi ndipo usali. Marko alisali akiwa mchafu machoni pake mwenyewe, na sala ile ilimshikilia hata saa ya upanga. Inuka, uende kitubio, utafute pia tabibu, na ukianguka tena, rudi tena.

Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, tabibu na mfiadini, utuombee. Uwaombee wote waliofungwa na dawa za kulevya, na familia zinazolia kwa ajili yao. Amina.